Je, Baba Amwachie Mtoto Ashinde?

Mzazi mmoja wa Nyamongo, huko Tarime, ametuletea swali ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo. Jioni, akiisha kurudi kazini na kula, hucheza bao na mwanawe wa kiume mwenye miaka tisa. Mtoto hufungwa siku zote, na siku nyingine huenda kulala akilia. Mama wa mtoto asema, "Mwachie ashinde, ni mtoto." Kaka yake huyo baba, aliye mkubwa wa ukoo, amwonya kwa maneno mengine: "Acha kabisa kucheza naye. Mtoto amfungaye baba yake hatamheshimu tena." Naye baba, akiwa katikati ya hao wawili, atuuliza: lililo haki mbele ya Mungu ni lipi?

Huenda wako wasomaji watakaoshangaa kuona gazeti la Kanisa likitumia wino wake kwa habari za kete. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu ambaye hakuna awezaye kumdhania kuwa mtu wa mzaha, aliweka katika Summa yake maswali kamili juu ya michezo. Afundisha kwamba roho huchoka kama vile mwili uchokavyo, na kwamba pumziko la roho ni furaha. Kwa hiyo iko fadhila ya kucheza vema, na pande zake mbili yako makosa mawili: la mtu achezaye kupita kiasi, na la yule asiyecheza kabisa, awaoneaye uchungu wenzake wanaocheka. Ndipo asimulia kisa cha zamani cha Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walimkuta akijifurahisha pamoja na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga, akapiga tena na tena. Akaulizwa kama angeweza kuendelea hivyo pasipo kukoma. Akajibu kuwa upinde ungevunjika. Yohane akasema kwamba na roho ya mtu ni vivyo hivyo.

Basi kucheza ni jambo la fadhila, na palipo na fadhila pana haki na dhuluma, kweli na uongo. Swali la mzazi wetu si dogo.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Bao lina mashimo 32, yaliyopangwa katika mistari minne ya mashimo manane, na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Watoto huanza kwa bao la kujifunza, ambamo kila shimo hutiwa kete mbili; wakubwa hucheza lile bao lenye nyumba, la kuingiza kete moja moja kabla ya kufika mtaji. Mchezo wa namna hii, wa kuhesabu na kupanda kete mashimoni, ni wa kale sana katika nchi zetu. Wajaluo wanao, nao huuita ajua. Waganda wana omweso. Wasukuma wana isolo, tena kwao wanawake wana namna yao ya kucheza, na wavulana yao. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, viko vishimo vya bao vilivyochongwa katika mwamba wenyewe na watu waliokaa nchi ile zamani.

Yafaa kuangalia sana jambo moja: katika bao hakuna kificho. Hakuna karata iliyofunikwa, wala dadu ya kurushwa. Kete zote zi mbele ya macho ya wote wawili, na sheria moja yawabana wote wawili, mwenye mvi na asiye na meno ya mbele. Yule ambaye mstari wake wa mbele umebaki mtupu amefungwa, awe nani. Akitaka kujua sababu ya kufungwa kwake, aweza kurudi nyuma kwa mawazo mpaka kwenye lile shimo alipokosea. Ni mambo machache sana duniani ambayo mtoto wa miaka tisa aweza kuyachunguza hivyo, toka sababu hata matokeo.

Twasema hayo hasa kwa ajili ya watoto wa Nyamongo. Nchi ile, iliyo kaskazini ya Mto Mara, ina dhahabu, na watu wake walikuwa wakiichimba kwa sururu na nyundo kabla ya mgodi mkubwa wa North Mara kuanza kutoa dhahabu mwaka 2002. Mtoto aliyezaliwa Nyangoto, Kewanja au Matongo hukua akiona kilima cha mawe kilichopangwa na mashine, ambapo zamani palikuwa malisho au mashamba. Katika mwamba wa dhahabu, tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu, nazo macho hayazioni. Kijana aingiaye kwenye vifusi kutafuta jiwe hajui kama amebeba mali au mzigo mtupu mpaka jiwe lisagwe. Mmoja hujenga nyumba ya bati kwa mfuko mmoja. Jirani yake, aliyefanya kazi ile ile usiku ule ule, hurudi na vidonda. Wengine hawakurudi. Mwezi Mei mwaka 2011 watu wasiopungua watano walikufa kwa risasi za polisi pale mgodini kwa siku moja, na hao walikuwa wana wa watu.

Tena liko neno moja ambalo Nyamongo imelipa maana yake yenyewe: kutegesha. Maana yake ni kujenga kibanda au kupanda miche upesi upesi mahali panapodhaniwa kwamba patachukuliwa na mgodi, ili siku ya kuhesabu mali mtu apate fidia. Hatuwahukumu watu wote kwa neno hilo. Wako waliodai haki yao ya kweli, nao wakangoja miaka, huku wengine wakilipwa kwa nyumba ambazo hazikulaza mtu hata usiku mmoja. Lakini hebu tumfikirie mtoto anayeyatazama haya yote. Ajifunza nini juu ya kupata na kukosa? Aona kwamba kupata huja bila sababu, na kukosa huja bila sababu. Jasho ni kitu kimoja na mali ni kitu kingine, wala hakuna njia itokayo kwa hili kwenda kwa lile. Mwalimu wa darasani akimwambia kwamba bidii huzaa matunda, mtoto hujibu "Ndiyo, mwalimu," kwa kinywa.

Jioni mtoto huyo huketi mbele ya ubao pamoja na baba yake. Hapo sababu na matokeo vyaonana uso kwa uso. Akishinda hapo, ameshinda kwa sababu aijuayo. Akifungwa, amefungwa kwa kosa liwezalo kutajwa na kusahihishwa kesho. Na sasa mama, kwa huruma yake njema, ataka baba amwachie mtoto ashinde kwa siri. Maana yake ni kwamba hata hapa, mahali pamoja palipobaki ambapo kupata kuna sababu yake, mtoto apate asichokipata. Atafurahi usiku ule. Nasi hatuidharau furaha ya mtoto. Lakini amepewa dhahabu ya bandia, naye kwa kuwa hajui kuwa ni ya bandia, ataipeleka sokoni. Ataketi na wenzake akijidhania bingwa. Watamfunga mara tano mfululizo mbele ya watu, na hapo atakuwa na mambo mawili ya kulilia badala ya moja.

Je, ni uongo? Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo, aliugawa katika aina nane, na hakuacha mlango hata kwa ule usemwao kwa nia njema. Mtakatifu Thoma aongeza kwamba mtu aweza kudanganya kwa matendo kama kwa maneno. Hapa lakini tupambanue. Baba atengapo kete zake ili kumtega mtoto, na mtoto asiuone mtego, hajadanganya. Mtego ni sehemu ya mchezo, na wote wawili walikubali hivyo walipoketi. Bali ajifanyapo hakuliona shimo ambalo ameliona, ili mtoto aamini jambo lisilo kweli juu yake mwenyewe, hapo amesema uongo kwa vidole vyake. Hatusemi akimbilie kitubio usiku huo huo. Ni kosa dogo, na nyuma yake kuna upendo. Lakini ni kosa, na likirudiwa kila jioni kwa miaka, humlea mtoto katika nyumba ambamo wapendwao hawaambiwi kweli.

Dawa ipo, wala si ngumu, na wachezaji wa zamani waijua. Ni kumsaidia mtoto waziwazi. Kabla ya kuanza, baba na atoe kete za mashimo mawili au matatu ya mstari wake wa nyuma, aziweke kando mbele ya macho ya mtoto, na kumwambia: "Leo nacheza na kete pungufu, kwa kuwa wewe ungali wajifunza." Au amruhusu kurudisha mchezo mmoja alioukosea, baada ya kumwonyesha alipokosea. Mtoto akishinda hivyo, ajua ameshinda nini na amesaidiwa kiasi gani. Ataweza hata kusema ahsante, neno ambalo mtu aliyepewa kwa siri hana njia ya kulisema. Kadiri ajuavyo zaidi, baba arudishe shimo moja, kisha la pili. Na ile siku mtoto atakapocheza na kete zote za baba mbele yake, hata akifungwa, atakuwa amekuzwa cheo. Twadhani mama mwenyewe, akiona hivyo, ataridhika. Huruma yake haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni njia yake tu.

Tumgeukie sasa kaka mkubwa. Neno lake halitoki hewani. Kwa Wakurya, rika ni kitu kikubwa: mtu ajua walio mbele yake na walio nyuma yake, na baba na mwana hawachezi kama wenzi wa rika moja. Adabu hiyo imezishikilia jamaa nyingi zisivunjike, na Amri ya Nne ya Mungu yaitia nguvu. Kwa hiyo hatumcheki. Twamwuliza hili tu: heshima ya baba imewekwa wapi? Ikiwa imewekwa katika kete, basi ni heshima ya kuazima, kwa kuwa iko siku macho yatafifia, na hesabu zitapotea, na mtoto atashinda, apende asipende. Baba aliyejijengea heshima yake juu ya kutoshindwa atalazimika siku hiyo kuupindua ubao, au kuuficha uvunguni. Baba mwenye heshima ya kweli, iliyojengwa kwa chakula alicholeta, kwa sala alizoziongoza na kwa neno lake lisilogeuka, aweza kufungwa mara kumi, na mara ya kumi na moja mtoto bado atasimama akimpisha kiti.

Huko huko Mara tunacho kisa kinachofaa. Husimuliwa katika habari za maisha ya Mwalimu Julius Nyerere kwamba alipokuwa mtoto, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alikuwa akicheza bao na mtemi mmoja jirani, rafiki wa baba yake, na mtoto yule akamtoa jasho mtu mzima. Mtemi angeweza kukasirika. Angeweza pia kusema kwamba mtoto hana adabu. Badala yake alimwendea Burito, akamshauri ampeleke mtoto huyu shuleni, kwa kuwa akili aliyoiona kwenye ubao si ya kuachwa ichunge mbuzi tu. Mwaka 1934 Julius aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Waweza kusema sababu zilikuwa nyingi, nasi hatubishi. Lakini tuangalie yaliyokuwa lazima yawepo ili mtemi yule aione akili ya mtoto: ilikuwa lazima akubali kuketi naye, ilikuwa lazima acheze kweli, maana akili ya mtoto haiwezi kuonekana mbele ya mtu achezaye uongo, na ilikuwa lazima aweze kuvumilia kushindwa. Mwalimu mwenyewe aliupenda mchezo huo maisha yake yote, na alipostaafu urais mwaka 1985 na kurudi Butiama, alicheza bao na wazee wa kijiji. Huyo ndiye ambaye jimbo la Musoma lilianza kushughulikia kesi yake ya kutangazwa mwenye heri mwaka 2005, na leo huitwa Mtumishi wa Mungu.

Iko sehemu moja tu ambapo kaka mkubwa yuko sawa kabisa. Mtoto ashindaye hana budi kufundishwa namna ya kushinda. Asipige makofi usoni pa mzee wake. Asiende kutangaza kisimani kwamba baba hajui. Akusanye kete yeye, azihesabu zitimie 64, azirudishe mfukoni, ashukuru, na kuaga. Kushindwa kuna adabu zake, na kushinda pia kuna zake, na hizi za pili ndizo ngumu zaidi.

Hatukuulizwa habari za fedha, ila hatuwezi kuziacha. Yako mabao mengi, hasa ya drafti zile za vizibo vya soda chini ya miti, ambayo huchezwa kwa dau: leo chupa ya bia, kesho noti, kesho kutwa simu ya mtu. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake kwa Filotea cha mwaka 1609, aliruhusu michezo ambayo ushindi wake ni malipo ya akili na bidii, na kuikataza ile ambayo bahati ndiyo itawalayo. Na hata katika ile mizuri alikataza dau kubwa na muda mrefu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yasema kwa upole zaidi kwamba kamari kwa yenyewe si kinyume cha haki, ila huwa kosa pale inapomnyang'anya mtu kitu cha lazima kwa maisha yake na ya wale wamtegemeao. Tena yaonya kwamba tamaa yake yaweza kuwa utumwa. Kudanganya katika mchezo yakuita jambo zito, isipokuwa hasara ikiwa ndogo mno. Kwa hiyo baba na mama wakicheza ludo au karata na watoto wao pasipo fedha, wasisumbuke dhamiri. Dadu nayo ina kazi yake, kwa maana humfundisha bingwa wa nyumba kucheka afungwapo na mdogo kuliko wote.

Lakini zile mashine za kamari ziitwazo dubwi, zilizosambaa mpaka kwenye vibanda vya vijijini, ni kitu kingine. Kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mtoto chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kuzichezea. Mwenye macho aende atazame mwenyewe jioni ni nani wamesimama pale na sarafu mkononi. Mashine haimjui achezaye. Haimwambii alipokosea, kwa kuwa hakukosea popote. Alitia fedha, ikamezwa. Mtoto ambaye amezoea kuuliza "Nilifungwa kwa sababu gani?" atachoka na mashine hiyo upesi, maana haina jibu la kumpa. Yule aliyezoea kushindishwa pasipo kujua sababu, hiyo itamfaa sana. Ni kama baba yake, ila yenyewe haimwachii.

Limebaki jambo la muda. Baraza la bao laweza kumla mwanamume mchana kutwa. Tumewaona waume wazima, saa nne asubuhi, wakibishana juu ya kete moja, na wake zao wakipita njiani na majembe. Huo si mchezo tena, na Mtakatifu Fransisko alisema kwamba burudani ikizidi muda wake hugeuka kuwa kazi. Mzazi wetu wa Nyamongo hucheza jioni, baada ya kazi, nyumbani kwake. Kwa hilo hana lawama. Hakutuambia tu mama huwa wapi wakati huo. Tukikisia kwamba yuko jikoni, na binti yake pamoja naye, na kwamba hakuna kati yao aliyewahi kuulizwa kama ajua kucheza, basi bao hilo lina upungufu. Mvulana ateke maji kabla ya jua kuzama, baba achochee moto ikibidi, vyombo vioshwe na wote, kisha ubao utolewe, na mama aketishwe kwanza kushindana na mshindi wa jana.